Tupeane uzoefu: jina la kwenu mnalitamkaje, na wageni wanalitamkaje?

Wadau, salaam. Nilikuwa kwenye basi la Arusha, kijana mmoja kawasha ramani ya simu kwa sauti. Tulipokaribia Same, ile sauti ya Kizungu ikatangaza "Seim". Mzee wa Kipare kiti cha nyuma akauliza, "Huyo dada anashukia wapi?" Basi zima likaangua kicheko.

Ile ni mashine, tuisamehe. Nataka tuongelee watu. Kwenye kibao jina limeandikwa namna moja, lakini mwenyeji ana lake, wa mkoa wa pili ana lake, na mtangazaji wa redio naye kivyake. Leteni ya kwenu. Sharti ni moja: hatuchekani lafudhi.

Mdau wa Kahama
Naanza na Nyang'hwale, mkoa wa Geita. Hiyo ng'h si urembo wa karani. Kisukuma kina sauti zinazotokea puani kwa pumzi tupu, koo halingurumi: mh, nh, ng'h. Ndiyo maana Meatu wana Mwanhuzi na Kishapu wana Mhunze, na wageni wengi wanairuka hiyo h kana kwamba haipo.

Sasa mgeni akifika Nyang'hwale anachagua. Wapo wanaosema Nyangwale, kwa ng ya ngoma. Wapo wa Nyang'wale, hao angalau wamekaribia. Shemeji yangu wa Morogoro, mwalimu, alipopangiwa kazi huko alikuwa anasoma "Nyanga-hawale". Mama alimfundisha kila jioni, "Toa pumzi puani, baba, usiseme kwa mdomo," wapi! Mwisho akachoka: "Wewe ukiulizwa sema tu unafundisha Geita."

Makao makuu ya wilaya hiyo nayo yanaandikwa Kharumwa. Watu wa pwani wakiiona kh wanaikwaruza kama ya kheri. Kule utasikia Karumwa, basi.

Na Mwanza yenyewe, bibi zetu wanasema Ng'wanza. Kijana wa mjini akitamka hivyo leo anaambiwa katoka shamba jana. Hilo linaniudhi, kwa sababu anayemcheka mara nyingi ni Msukuma mwenzake.

Mhaya wa Missenyi
Sisi shida yetu ni ky. Kyaka, Kyerwa. Kwetu ky iko karibu sana na ch, mtu asiyezoea atasikia "Chaka". Wa kutoka Dar anaikata vipande: Ki-a-ka. Babu anasema mwaka 1978, majeshi ya Amin yalipovunja daraja la Kyaka, habari zilisomwa redioni na kuna mzee pale kijijini akashukuru Mungu, akidhani lililovunjwa ni daraja la mbali huko, linaitwa Kiaka.

Ukivuka Mutukula kuingia Uganda mambo ni yaleyale: Kyotera, Kyengera, Kyambogo. Mwambie boda wa Kampala "Ki-ambogo", bei inapanda hapohapo.

Mtanga wa Thika
Natoka Tanga, nimeolewa Thika. Kwa Kiswahili changu th ni ya thelathini, na hivyo ndivyo nilivyolisoma jina la mji tangu utotoni. Nafika ukweni, wote wanasema kama dh ya dhahabu! Kwa Kikuyu th ndivyo inavyosomwa. Mama mkwe hakunisahihisha hata siku moja, ila kila nikisema Thika kwa namna yangu yeye hulirudia jina polepole katika sentensi yake inayofuata. Mpaka leo nikiwa kwa mama mkwe nasema kama wao, nikipigiwa simu na dada zangu wa Tanga narudi kwenye thelathini. Watoto wangu wananishangaa.

Nyeri pia, ile i ya Kikuyu inaelekea e. Hiyo sijaiweza na sijitesi nayo.

Dereva wa masafa
Kigali. Mnyarwanda anasema kitu kama "Chigari", l na r kwake ni ndugu. Na Rwanda yenyewe sikiliza vizuri, kuna g imejificha: Rgwanda. Pale Rusumo nikitaja Kigali kwa lafudhi ya Temeke wananijibu kwa Kiswahili moja kwa moja.

Mmakonde halisi
Ntwara kuchele! Sijui nyie mnaopachika m mnaitoa wapi.

Mdau wa Karatu
Oldupai. Wamasai wanasema Oldupai, jina la katani pori linaloota pale korongoni. Mzungu akasikia p kama v, akaandika Olduvai, vitabu vya dunia nzima vikafuata. Kibao sasa kinasema Oldupai, lakini zile zana za mawe za kale wanasayansi bado wanaziita Oldowan. Waongoza wageni wakisema Oldupai kuna mtalii hutoa kitabu kuwasahihisha. Mimi hapo sina subira kama ya mama mkwe wa Thika.

Mleta uzi
@Mmakonde halisi nimecheka, lakini nakuunga mkono. Nyongeza yangu ni ya mjini. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimetokana na jina lilelile, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Wenyeji wa kila mji wakalilainisha wanavyojua. Binamu yangu wa Nairobi akija Dar hung'ang'ania ile "rio" yake, makonda wanamwelewa bila shida, ila wanamuuliza kama ana shilingi za Kenya za kubadilisha.

Mdau wa Kahama
Kyela je? Wanyakyusa wamekaa kimya kweli leo.

Mleta uzi
Tunawasubiri. Na Waamu pia, maana ukiandika Lamu wao wanasema Amu na l hawaitafuti.