Je, ni halali kumtilia mgonjwa wa akili dawa kwenye uji?

Dada wa Uyole:
Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Naleta swali ambalo limeugawa ukoo wetu tangu Pasaka. Kaka yangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, na tangu aliporuhusiwa kurudi nyumbani amekuwa akikataa vidonge vya haloperidoli kwa sababu anaamini kwamba haumwi. Mama alianza kuvisaga na kuvitia kwenye uji wa asubuhi. Baada ya mwezi mmoja hivi kaka aliacha kubishana na sauti alizokuwa akizisikia peke yake, akarudi shambani kupalilia viazi. Shangazi yetu wa Ipogolo alipopata habari alisema kwamba huko ni kumlisha mtu sumu kwa siri. Naomba mniambie: mama amekosea?

Mwalimu wa Mafinga:
Kamwene, dada. Mama hajakosea. Kutojua kwamba unaumwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo kusubiri ridhaa ya mtu wa namna hiyo ni kusubiri mpaka aumie au aumize. Kabla ya dawa hizi watu walifungwa kamba na kufichwa vibandani, na wengine wanafichwa hadi leo. Kama sikosei, dawa ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa na madaktari wa Ujerumani wakati wa vita, na tangu hapo wodi za wagonjwa wa akili hazikuwa tena zile zile. Uchambuzi uliotoka mwaka 2012, uliojumlisha majaribio 65, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia takriban asilimia 64 ya walioachishwa dawa, na asilimia 27 tu ya walioendelea nazo. Mama mzazi afanye nini mbele ya tofauti hiyo?

Mgonjwa wa Njombe:
Mimi nimekunywa kikombe hicho, kwa hiyo naomba mnisikilize. Nilikataa vidonge nikijua kabisa kwamba naumwa. Vilinitia fadhaa ya miguu ambayo sijui niieleze vipi: sikuweza kukaa, sikuweza kulala, nilitembea kutoka mlangoni hadi zizini usiku kucha. Ndugu zangu walidhani kichaa kinazidi, wakaanza kuniongezea kidonge kingine kwenye chai bila kuniambia, na kila walipoongeza ndivyo miguu ilivyozidi. Nilikwenda kliniki nikaulizwa kama natumia dawa, nikajibu kwa moyo safi kwamba situmii. Mganga angenisaidiaje? Mara nyingi dawa hizi hutolewa kwa ajili ya usingizi wa ndugu, wala si kwa ajili ya mgonjwa.

Dada wa Uyole:
Ndugu yangu wa Njombe, nakuheshimu, lakini sentensi yako ya mwisho imenichoma. Usingizi wa ndugu? Mama yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli na matibabu. Alimfuata kaka porini usiku wa mvua akiwa na kandambili. Mama hakutafuta usingizi, alimtafuta mwanawe.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa:
Naungana na dada. Mdogo wangu alivunja vioo vya maduka matatu kwa siku moja na nikavilipa vyote. Na hata kama ni usingizi, kwani ndugu si watu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mgonjwa wa Njombe:
Kitanda hicho nimekilalia kwa miaka tisa, mzee wangu. Kunguni ninaowasema waliniuma mimi.

Mwalimu wa Mafinga:
Hakuna aliyebisha kwamba uliteseka. Lakini ukisema ndugu wanatafuta usingizi, unawatukana maelfu ya kina mama wa nyanda hizi wanaotembea kilomita nyingi kufuata dawa, na wakifika wanaambiwa zimekwisha.

Mgonjwa wa Njombe:
Sikumtukana mama wa mtu. Nilieleza kuhusu miguu na kuhusu kliniki, na hakuna hata mmoja wenu aliyenijibu hilo.

Muuguzi Mstaafu, Tukuyu:
Wanangu, nimefanya kazi kwenye wodi hizi muda mrefu, nijibu mimi. Kwanza mwalimu, si Ujerumani. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, ndio walioonyesha kazi yake kwa wagonjwa wa akili. Haloperidoli ilitoka Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen.

Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Zinapoizuia kule inakochochea sauti na shuku, mgonjwa anapata nafuu ya kweli, na nimewaona waliorudi kufundisha, kufuma na kulea. Tatizo ni kwamba dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mwendo wa mwili, na ndiyo maana shingo hukakamaa, mikono hutetemeka na miguu haitulii. Dawa ya benzeksoli husaidia ukakamavu na mtetemeko, lakini miguu isiyotulia huitikia zaidi kupunguziwa dozi au kupewa dawa ya propranololi. Mtu akikaa na dawa miaka mingi, ulimi na midomo inaweza kuanza kuchezacheza yenyewe, na hali hiyo pengine isiondoke hata dawa ikiachwa. Dalili hizi hugunduliwa kwa kumwangalia na kumwuliza mgonjwa. Ukimficha, umejinyima shahidi wako wa kwanza. Tena uji ukibaki nusu bakuli, nani ajuaye amemeza kiasi gani? Kwa anayechoshwa na vidonge ipo sindano ya flufenazini, dawa ya kundi hilo hilo, ambayo huchomwa kila baada ya wiki chache, naye akijua anachochomwa.

Mtu wa Vwawa:
Mama muuguzi, shikamoo. Mimi naona tatizo ni kila kichaa kupewa dawa hizo hizo. Mdogo wangu alikuwa akiona watu wasiokuwepo kila alipozinduka kutoka kwenye kifafa. Duka la dawa likatuuzia klopromazini, na kifafa kikaongezeka. Alipopigwa picha ya ubongo vilionekana vifuko vya minyoo ya tegu.

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa:
Kwa hiyo kitimoto kinaleta kichaa? Huku kwetu tutapona kweli?

Muuguzi Mstaafu, Tukuyu:
Marahaba, mwanangu. Klopromazini huweza kurahisisha kifafa kuibuka, kwa hiyo uliyoyaona hayanishangazi. Kuhusu nyama, anayekula nguruwe mwenye vifuko ambaye hakuiva hupata tegu tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo hata asiyegusa nyama hiyo anaweza kuvipata. Choo na mikono safi, mwanangu, kabla ya kulilaumu jiko.

Mwalimu wa Mafinga:
Nashukuru kwa masahihisho, mama. Hata hivyo bado nauliza: anayekataa kidonge, akakataa na sindano, tumwache?

Muuguzi Mstaafu, Tukuyu:
Asiachwe. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumlaza mtu hospitalini bila ridhaa yake, na huko kuna anayeandika dozi na anayewajibika kwa madhara yake. Uji wa nyumbani hauna faili.

Dada wa Uyole:
Nimesoma yote, na naomba radhi kwa ukali wangu kwa ndugu wa Njombe. Jana jioni nilimwuliza kaka kuhusu mwili wake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alinionyesha mkono wa kulia: unatetemeka akishika jembe, akaniambia kwamba ameshajua nani amemroga. Alimtaja shangazi wa Ipogolo. Sikupata la kumjibu. Kliniki ni Alhamisi, mama atakwenda naye, na usiku huu bado tunabishana ni nani kati yetu atakayemwambia habari ya uji.