Nani anaukumbuka uwanja wa Brandon na timu ya Coventry Bees?

Mzee wa Mufindi

Ndugu zangu, habari za baridi. Swali langu nalielekeza kwa wale waliowahi kusoma au kufanya kazi Uingereza, kwa kuwa najua humu wamo watu wa Iringa, Njombe na Mbeya waliopitia Coventry.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha Lanchester Polytechnic, ambacho siku hizi ndicho Chuo Kikuu cha Coventry. Jumamosi jioni wenzangu wa karakana walikuwa wakinichukua hadi kijiji cha Brandon, mashariki ya mji, kutazama mbio za pikipiki ziitwazo spidiwei. Timu ya nyumbani ilikuwa Coventry Bees, yaani Nyuki wa Coventry, na niliikuta katika neema yake: ilitwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza mwaka 1978, ikaurudia 1979, na nyota wake alikuwa Ole Olsen wa Denmark, ambaye alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1971, mwaka 1975 na tena mwaka huohuo wa 1978.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, waendeshaji wanne hupangwa nyuma ya kamba, wawili wa timu hii na wawili wa ile. Kamba ikifyatuka wanauzunguka mviringo mara nne, daima wakikata kushoto, na yote huisha kwa dakika moja hivi. Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho hana kitu. Mashabiki tulikuwa na kijitabu cha programu na kalamu, tukijaza matokeo ya kila mbio, na mtu aliyekosea kujumlisha alichekwa na safu nzima. Anayesimama kwenye kona alirudi nyumbani na changarawe nyekundu hadi ndani ya kola ya shati. Hata hivyo, sisi tulisimama palepale kwenye kona, kwa sababu huko ndiko Olsen alikokuwa akimsubiri mpinzani ajisahau kidogo tu, kisha anapita kwa ndani.

Mjukuu wangu, ambaye anaendesha bodaboda hapa Mafinga, hakubali kabisa ninapomwambia kwamba pikipiki zile hazikuwa na breki hata moja. Ananiona mzee anayetunga hadithi. Lakini kinachoniuma zaidi ni habari niliyoipata kwamba uwanja ule umefungwa na timu haipo tena. Je, kuna aliyeuona katika miaka ya karibuni? Ilikuwaje timu yenye historia ndefu namna ile ikakosa mahali pa kukimbilia?

Fundi wa Uyole

Mzee wangu, shikamoo. Mimi sijafika Uingereza, ila pikipiki ndiyo kazi yangu na mchezo huo nimeufuatilia sana kwenye video. Mwambie mjukuu wako kwamba babu yake hatungi kitu. Pikipiki ya spidiwei ina injini ya sentimita za ujazo 500, inatumia methanoli badala ya petroli, ina gia moja tu, na haina breki, si mbele wala nyuma. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77, kwa hiyo ni nyepesi kuliko bodaboda nyingi tunazozitengeneza hapa gereji, ilhali injini ni zaidi ya mara tatu ya zile tulizozizoea.

Ukosefu wa breki, kwa maoni yangu ya kifundi, ni usalama wenyewe. Waendeshaji wanne wanaingia kwenye kona wakiwa wamebanana, na endapo wa mbele angekuwa na uwezo wa kushika breki ghafla, aliye nyuma yake angempanda mgongoni. Kwa hiyo mwendo unadhibitiwa kwa mafuta na kwa kuiachia tairi ya nyuma itambae kwa ubavu, huku mguu wa kushoto, wenye kiatu kilichofungwa bamba la chuma, ukiburuzwa juu ya udongo. Gurudumu la mbele linaelekezwa kulia wakati pikipiki inakata kushoto. Ukiitazama mara ya kwanza unadhani jamaa anaanguka.

Nina ombi moja tu: mjukuu asijaribu jambo hili kwenye mteremko wa Kitonga.

Mama Neema, Njombe

Kamwene, Mzee wa Mufindi. Mimi nilikuwa muuguzi Coventry kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi nilipostaafu na kurudi nyumbani, na Brandon nilipelekwa na jirani yangu, mwanamama aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ryton, kilichokuwa karibu na uwanja. Wakati wetu mbio zilikuwa Ijumaa. Bado harufu ilikuwa ileile unayoijua, ya methanoli iliyochanganyika na mafuta ya injini, na watoto wetu walivaa kofia za rangi nyeusi na njano kama nyuki wa timu.

Wengi hudhani kwamba utukufu wa Bees uliishia kwa Olsen. Sivyo. Ubingwa ulirudi mwaka 1987 na 1988, enzi za Tommy Knudsen na Kelvin Tatum, na sisi wa miaka ya karibuni tuliuona mwaka 2005, 2007 na 2010. Mwaka 2000 uwanja wenyewe uliandaa mashindano ya Uingereza ya kuwania ubingwa wa dunia, na kila mtu pale mtaani alikuwa bado akisimulia namna Martin Dugard, aliyepewa tu nafasi ya mwalikwa, alivyowashinda mabingwa wote. Mtu wetu sisi lakini alikuwa Chris Harris. Usiku aliposhinda mashindano hayohayo ya Uingereza mwaka 2007, safari hiyo yakiwa Cardiff, akimpita Greg Hancock katika mzunguko wa mwisho wa fainali, jirani yangu alinipigia simu akilia, nami nilidhani kuna msiba.

Sasa nijibu swali lako. Msimu wa mwisho Brandon ulikuwa 2016. Eneo lilikuwa limeshauzwa kwa watu wa ujenzi, na makubaliano ya kuendelea kuutumia uwanja hayakupatikana. Ulikuwa uwanja uliofunguliwa mwaka 1928, mwaka uleule ambao mchezo huu ulishika kasi Uingereza, na haukuwa wa spidiwei peke yake, kwani mbio za magari ya kugongana nazo zilikuwa na mashabiki wake wengi pale. Lango likafungwa, majani yakaota kwenye njia ya mbio, wahuni wakaingia, na moto ukaunguza majengo.

Banyambala 86

Nisameheni wakubwa, lakini nashangaa tunavyoomboleza timu ya Wazungu hali ya kuwa hapa kwetu Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 na leo vijana hawawajui. Timu huzaliwa na timu hufa. Kwa nini Bees wasingehamia uwanja mwingine wakaendelea?

Mama Neema, Njombe

Mwanangu, Tukuyu Stars nami nawalilia, na uzi wao ukiufungua nitakuja. Ila hapo kwenye kuhama ndipo penye tofauti. Timu ya mpira ikinyimwa uwanja leo, kesho itaomba kucheza Sokoine, Samora au hata uwanja wa shule, maana goli ni goli. Spidiwei inataka njia yake maalumu ya mviringo, udongo uliopangwa na kushindiliwa kwa ustadi, uzio wa usalama unaopunguza mshindo, sehemu ya mafundi, na majirani watakaovumilia kelele. Uwanja wa namna hiyo haukodishwi mtaa wa pili. Ndiyo maana mwaka 2017 Bees hawakuwa na nyumbani, wakaondolewa kwenye ligi kuu, na mwaka 2018 walishiriki ligi ya daraja la chini wakitumia uwanja wa Leicester, ambao ni wa wapinzani wao wa jadi. Nilimuuliza jirani yangu kama alikwenda. Alikwenda, akasema alishangilia kwa adabu, kama mgeni.

Mzee wa Mufindi

Mama Neema, asante sana. Kumbe niliondoka Coventry kabla ya nusu ya mambo. Mjukuu amesoma maelezo ya Fundi mara mbili, akakubali habari ya breki, ila sasa anabisha habari ya gia moja. Nawauliza jambo moja la mwisho: nyumba zimeshajengwa pale?

Mama Neema, Njombe

Hazijajengwa kwa kadiri ya habari nilizozifuatilia. Wamiliki waliomba kibali cha nyumba 124 pamoja na uwanja wa mpira wa nyasi bandia, kana kwamba huo ungefidia kilichoondolewa. Mashabiki walijiunga katika kikundi cha kuutetea uwanja, wakaandika pingamizi, wakaajiri wataalamu, na mwaka 2022 halmashauri ya Rugby, ambayo Brandon iko chini yake, ikalikataa ombi hilo. Wamiliki wakakata rufaa, nayo ikatupwa. Ushindi huo haujarudisha pikipiki hata moja, kwa sababu kukataza nyumba ni jambo moja, na kumlazimisha mwenye ardhi kufungua lango la mbio ni jambo jingine kabisa. Jirani yangu bado anachangia kikundi kila mwezi.

Fundi wa Uyole

Mzee, kuhusu gia: mwambie mjukuu kwamba klachi ipo, lakini hutumika kwenye kuanza tu. Baada ya hapo hakuna cha kubadilisha. Mafundi huchagua ukubwa wa sproketi, yaani gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, kabla ya mbio kulingana na urefu wa njia na hali ya udongo siku hiyo, na kwa njia ya mita kama 300 ya pale Brandon, ukikosea meno mawili tu umeshapoteza jioni nzima. Akipita Uyole aje gereji, nitamwonyesha hesabu yake.