Bwawa linashuka sentimita moja na nusu kila siku: ni jua au linavuja?

Kidimbwi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla nyundo haijaanza kazi. Bwawa ni la zege lenye vigae, mita 8 kwa 4. Lina chujio la mchanga lenye valvu ya njia sita (mpini wa kuchagua maji yaende wapi: kuchuja, kuosha chujio, kumwaga), skima moja (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu pamoja na takataka), taa moja ya ukutani na midomo miwili ya kurudishia maji. Pampu inafanya kazi saa 8 kwa siku. Maji yanashuka kama sentimita moja na nusu kila siku, na pembeni hakuna palipolowa. Fundi anasema bomba lililo chini ya njia ya pembeni limepasuka, anataka avunje. Wengine wanasema ni jua tu. Nitajuaje kama linavuja kweli, na linavujia wapi, bila kubomoa?

FundiKoki

Mkuu, mzuie huyo fundi kwanza. Ardhi kuwa kavu si ushahidi wa upande wowote. Chini pakiwa na mchanga au kifusi, maji hushuka moja kwa moja na juu huoni hata unyevu. Vilevile jua na upepo vikichangamana, bwawa lisilo na tatizo lolote hupoteza milimita 3 hadi 7 kwa siku, na hewa ikiwa kavu sana huzidi hapo. Kwa hiyo sentimita moja na nusu inatia shaka, lakini shaka haitoshi kuvunjia sakafu.

Anza na ndoo. Ijaze maji ya bwawa lenyewe, weka jiwe ndani isielee, kisha uikalishe kwenye ngazi ya kwanza au ya pili ili izame sentimita 15 au zaidi. Ongeza au punguza maji ya ndani mpaka yawe usawa mmoja na ya nje. Piga alama ya kalamu isiyofutika ndani ya ndoo, na nyingine kwenye kigae usawa wa maji ya bwawa. Subiri saa 24, halafu pima kwa rula ya milimita, ndani na nje.

Watu wengi hukosea kwa kuiacha ndoo ukingoni. Ikikaa juani peke yake maji yake hupata moto kuliko ya bwawa, yanapungua kwa kasi yake, na kipimo kinakwambia uongo. Ikizama, joto ni lilelile. Hata hivyo ukingo wa ndoo hukinga upepo kidogo, kwa hiyo tofauti ya milimita 1 au 2 usiihesabu.

Siku hiyo pasiwe na mvua, pasiwe na waogeleaji, usioshe chujio, na kama kuna koki ya boya inayojaza bwawa yenyewe, ifunge. Koki ya boya huficha uvujaji kwa miezi: maji yanatoka, maji yanaingia, mstari hausogei, mwenye nyumba anakuja kushtukia bili.

Mzamia

Naongezea kwa aliyosema FundiKoki. Kipimo hicho kifanye mara mbili: saa 24 pampu ikizunguka muda wote, na saa 24 nyingine ikiwa imezimwa kabisa. Usichanganye.

Likishuka zaidi pampu ikiwaka, angalia mabomba ya kurudishia maji, maana hayo ndiyo yanayobeba shinikizo. Likishuka zaidi pampu ikizimwa, angalia upande wa kuvuta, yaani kutoka skima na tundu la chini hadi kwenye pampu. Bomba hilo likiwa na ufa, pampu ikiwaka linavuta hewa badala ya kutoa maji. Utaona mapovu chini ya kifuniko cha kikapu cha pampu na mengine yakitoka kwenye midomo ya kurudishia. Ila kabla hujalaumu bomba, kagua oringi (pete ya raba) ya kifuniko hicho, maana ikikauka nayo huingiza hewa. Ipake grisi ya silikoni, usitumie mafuta ya petroli, huivimbisha raba. Likishuka sawasawa siku zote mbili, tatizo lipo kwenye bwawa lenyewe: skima, taa, midomo ya mabomba au ufa.

Ushahidi mwingine uko kwenye maji yenyewe, na wengi hawauangalii. Jua huondoa maji tu, chumvi na kiimarisha klorini (dawa inayokinga klorini isiharibiwe na jua) hubaki. Uvujaji huondoa vyote pamoja. Kama unaongeza maji kila wiki na vipimo vya chumvi au kiimarisha vinazidi kushuka, ilhali hujaosha chujio wala mvua haijafurisha bwawa, kuna mahali yanatoka.

Kidimbwi

Shukrani sana wakuu. Nimepima siku mbili, mawingu kidogo, bila mvua. Pampu ikiwaka: bwawa limeshuka milimita 16, ndoo 5. Pampu ikiwa imezimwa: bwawa 15, ndoo 5. Mapovu hakuna. Kwa hiyo si mabomba?

Mzamia

Kwa namba hizo linavuja, hilo halina ubishi. Ondoa namba ya ndoo kwenye namba ya bwawa: unabaki na milimita 10 hadi 11. Eneo la bwawa lako ni mita za mraba 32, na kila milimita moja juu ya eneo hilo ni lita 32. Unapoteza takriban lita 320 hadi 350 kwa siku, mbali na zinazochukuliwa na jua.

Mabomba ya kurudishia tuyaweke pembeni kwa sasa, yangekuwa yamepasuka kama anavyosema fundi, siku ya pampu kuwaka ingeachana na nyingine kwa mbali. Lakini kuna kitu kimoja cha kuondoa kwanza kwenye orodha: valvu ya njia sita. Ndani yake kuna gasketi, raba ya kuzibia, yenye miguu kama ya buibui. Mguu mmoja ukikatika au mchanga ukikaa chini yake, maji hupenya kwenda bomba la taka (linalomwaga maji machafu ya kuosha chujio) hata mpini ukiwa kwenye kuchuja. Chumba cha pampu kikiwa chini ya usawa wa bwawa, maji hutiririka hivyo hata pampu ikiwa imezimwa, na hapo vipimo vyako viwili vitafanana kama vilivyofanana. Funga mfuko wa plastiki kwa raba kwenye mdomo wa bomba la taka, ulale nao. Asubuhi ukikuta maji ndani, umepata mwizi. Na unapogeuza mpini, zima pampu kwanza kila mara. Kugeuza pampu ikiwaka ndiko kunakoikata hiyo gasketi.

FundiKoki

Mfuko ukiwa mkavu, nenda kwenye rangi. Zima pampu, acha maji yatulie angalau nusu saa, asiingie mtu. Vuta rangi nyekundu ya chakula kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Isogeze hadi sentimita moja au mbili kutoka mahali unaposhuku, kisha sukuma tone, usirushe. Pasipovuja, rangi inaning'inia kama moshi ndani ya chumba kisicho na upepo, inatawanyika taratibu. Panapovuja, inanyooka kuwa uzi mwembamba na kuingia ukutani. Ukiona uzi huo mara moja hutausahau.

Anza na skima, na hasa pale plastiki yake inapokutana na zege, kwenye kona mbili za chini za mdomo. Plastiki na zege havitanuki kwa kiasi kimoja joto linapobadilika, kwa hiyo mshono huo ndio unaoachia kabla ya vingine. Ukitoka hapo zungukia midomo ya kurudishia, kisha taa, kisha mistari ya saruji kati ya vigae usawa wa maji, na mwisho tundu la chini.

Taa isifikiwe kabla umeme haujakatwa kwenye swichi kuu, na asiwepo mtu wa kuuwasha kwa bahati mbaya. Mara nyingi hapo si kioo kinachovuja, ni tundu la bomba la waya nyuma ya taa. Maji hufuata waya hadi nje.

Njia ya kukagua majibu ya rangi: usiongeze maji siku chache, piga alama saa ileile kila siku. Kasi ikipungua maji yakifika chini ya mdomo wa skima, jibu ni skima. Yakituama usawa wa taa, jibu ni taa. Ila yakishuka chini ya mdomo wa skima, zima pampu, isije ikazunguka kavu ikaunguza sili yake, kizuia maji cha ndani.

SarujiMbichi

Na tafadhali usiendelee kuyaacha yashuke mpaka chini. Maji ya ardhini yakiwa juu, bwawa tupu hunyanyuliwa kama mtumbwi, zege likapasuka vipande. Hasara yake haifanani kabisa na hiyo ya lita 300.

Kidimbwi

Mfuko umekaa usiku mzima, mkavu. Rangi: taa haikuvuta, midomo ya kurudishia haikuvuta. Kona ya chini ya kulia ya skima imevuta kama alivyosema FundiKoki, uzi kabisa, mara tatu mfululizo. Kona ya kushoto inavuta kidogo. Nazibaje? Fundi anasema saruji ya kawaida inatosha.

SarujiMbichi

Haitoshi. Saruji ikigandia pale ni ngumu, haifuati plastiki inapotanuka, na mshono utaachia tena kando ya hiyo saruji mpya. Tumia epoksi ya bwawa ya sehemu mbili, ile ya kukanda inayokauka hata ndani ya maji.

Shusha maji sentimita 10 hivi chini ya mdomo wa skima ili ufanye kazi pakavu, ingawa epoksi hiyo inavumilia maji. Kwangua mshono wote, kona zote mbili na upande wa chini kati yake, siyo pale tu rangi ilipoingia. Ondoa mabaki ya saruji na gundi ya zamani, chimba mfereji wa kama sentimita moja kina na upana. Plastiki ikwaruze kwa msasa mkali, maana epoksi haishiki uso laini wenye utelezi wa mafuta na mwani. Sugua, suuza, futa.

Kanda sehemu mbili kwa kiasi sawa mpaka rangi iwe moja, isiwe na michirizi. Michirizi ikibaki, mahali hapo hapatakauka. Kanda kidogo kidogo, inaanza kugoma mkononi ndani ya muda mfupi, na joto likiwa kali inawahi zaidi. Ikandamize kwa kidole ndani kabisa ya mfereji, hewa isibaki nyuma, kisha laza uso kwa kidole kilicholowa. Vaa glavu, inachubua ngozi. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake, kwa kawaida saa 24, kabla ya kupandisha maji na kuwasha pampu.

Maji yakirudi, rudisha na ndoo. Ukikuta bwawa na ndoo vimeachana milimita 1 au 2, umemaliza. Vikiachana 4 au 5, kuna pa pili, na hapo ndipo mabomba yapimwe: kila bomba lizibwe kwa vizibo vya raba vya kukaza, lijazwe maji hadi shinikizo la baa 1 au 1.5, geji iangaliwe dakika 15 hadi 30. Fundi asipime kwa hewa ya kompresa. Kizibo kikiruka kwa hewa iliyobanwa kinaumiza mtu. Na hata bomba likishindwa kipimo, sakafu ivunjwe juu ya bomba hilo tu.