Mjadala: Watoto wa shule ya msingi na gemu la mazombi vibandani, turuhusu au tuzuie?

MzeeWaIsevya: Wakuu, habari za jioni. Hapa mtaani kwetu Isevya, Tabora, kuna kibanda cha gemu. Zamani ilikuwa mpira tu, jero mechi moja. Sasa mwenye kibanda kaleta The Walking Dead, lile la Telltale la 2012, mazombi yanatafuna watu. Nimeenda kumfuata mwanangu wa darasa la tano, nikamkuta kabanwa katikati ya wenzake. Kijana wa sekondari anawasomea Kiingereza kwa sauti, muda wa kuchagua unayoyoma kwenye kioo, wao wanapiga kelele "Mwokoe dada! Mwokoe dada!" Jamaa aliyeachwa akavutwa dirishani. Wakashangilia! Wamarekani wenyewe wameliwekea miaka 17. Serikali ya mtaa izuie, au tuseme ni kazi ya wazazi?

PadiYaKushoto: Mzee, gemu hilo nimelimaliza. Damu ipo, sikatai, ila kuua siyo kazi yake kubwa, kazi ni kuamua. Unakuwa Lee, mwalimu wa historia chuo kikuu, anapelekwa jela kwa kesi ya mauaji, gari la polisi linapata ajali njiani. Anamkuta Clementine, binti wa miaka 8, wazazi wamesafiri. Kuanzia hapo unalea. Ukiropoka mbele yake, yanatokea maandishi kwamba atalikumbuka hilo. Wazazi wangapi humu wana hofu hiyo na watoto wao?

MamaShija: "Wazazi wangapi humu" unamsema nani? Wewe una mtoto?

PadiYaKushoto: Sina, mama. Nimelelewa tu.

MamaShija: Basi kaa kimya. Wa kwangu naye anaenda hapohapo. Juzi tunakula, kaniuliza: "Mama, ungetakiwa umwache mmoja, mimi au Shija, ungemwacha nani?" Shija mwenyewe kashika tonge, ananitazama. Nikamwambia ale ugali wake.

PadiYaKushoto: Kwenye gemu kunyamaza nako ni jibu. Linahesabiwa.

MamaShija: Ukome, mtoto wa watu.

MwalimuMstaafu: Naomba tutulie. Mwisho wa msimu wa kwanza wa mchezo huo, Lee ameshaumwa na zombi na anakaribia kugeuka. Aidha binti yule wa miaka 8 ampige risasi mlezi wake, aidha amwache ageuke zombi. Mchezaji ndiye anayemwagiza. Nani humu yuko tayari kumwambia mwanawe wa darasa la tano achague hapo?

AsaliYaSikonge: Uchaguzi gani jamani, kiinimacho kitupu. Kule shambani mazombi yakivamia, ukimkimbilia mtoto Duck au ukimkimbilia kijana Shawn, Shawn anakufa tu. Huyo dada waliyempigia kelele, Carley, mbele ya safari mwenzao Lilly anamtandika risasi. Ungemwokoa Doug, yule jamaa wa dirishani, ingemkuta yeye. Hata ukiukata mkono wa Lee ulioumwa, hasalimiki. Halafu wanahangaika na treni mpaka mji wa Savannah kutafuta boti, boti zenyewe zimeshachokonolewa. Kama mtu atoke hapa Tabora aende mwisho wa reli, Kigoma: unafika, huna pa kwenda.

MuhaHalisi: Rudia hapo mwisho.

AsaliYaSikonge: Huna pa kwenda.

MuhaHalisi: Wajerumani walifikisha reli Kigoma 1914 kwa sababu hapo ndipo Ziwa Tanganyika linapopokea. Ukishuka unachagua: Bujumbura ya Burundi, Kalemie ya Kongo, Mpulungu ya Zambia. Nyie Tabora treni ikiharibika mnafanya nini zaidi ya kuwauzia abiria karanga na maembe? Mazombi yakija mtatukuta Kibirizi, hapo ziwani Kigoma, tunawasha injini, na mtaanza kutuita shemeji.

DamuYaIsike: Hatukimbilii kwa mtu. Mtemi wetu Isike wa Unyanyembe, 1893, Wajerumani wameshaingia ngomeni, alijilipua na ghala la baruti. Uamuzi ndio ule, sio wa kubonyeza padi.

BintiUjiji: Sasa kujilipua ndiyo kujiokoa? Sisi tutakula zetu migebuka huku tunawapungia mkono.

AsaliYaSikonge: Mtaondoka na chombo gani? Meli yenu ya Liemba imekaa gatini miaka mingapi?

MuhaHalisi: Liemba usiiguse. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao 1916, ikalala majini, ikaibuliwa 1924, 1927 ikaanza upya kubeba abiria. Imeshakufa ikafufuka. Zombi gani ataiweza?

PadiYaKushoto: 😂😂 Hii nimeichukua.

DamuYaIsike: Kufufuka bila kutembea ndiyo uzombi wenyewe, mkuu.

MuhaHalisi: Wewe nakuhifadhi. Siku ukija sokoni Mwanga ya Kigoma kutafuta mawese utajitambulisha.

MwalimuMstaafu: Swali langu bado halijajibiwa.

BintiUjiji: Swali lipi mwalimu? La Liemba?

MzeeWaIsevya: Nimeuliza habari ya kibanda, mnanijazia meli na Wajerumani. Jumamosi naenda kwa mwenyekiti wa mtaa, apige marufuku watoto kuingia mle, kuwe na mpira kuwe na mazombi. Anayeniunga mkono aseme.

MamaShija: Mimi nipo. Na huyo wa padi aje tumwone.

AsaliYaSikonge: Mtaenda bure. Fremu ile kaipangisha mwenyekiti huyohuyo.

MzeeWaIsevya: Umejuaje? Si wewe ni wa Sikonge?

AsaliYaSikonge: Kwetu Sikonge, nimepanga Isevya. Na huyo kijana anayewasomea watoto ni mdogo wangu. Mwaka jana Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga, sasa hivi anatafsiri huku muda unahesabu. Kwa hilo, mzee, mtanisamehe, siwaungi mkono.