Malengo ya Mwaka: Tunayaombea Baraka au Tunayaombea Ruhusa?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Usiku wa tarehe 31 Desemba, katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, waumini huja kwenye mkesha wakiwa na karatasi walizoandika malengo ya mwaka unaoingia: kiwanja, ndoa, kazi, masomo, mtaji wa biashara. Karatasi huinuliwa juu, mchungaji huziombea, na saa sita ikitimia watu hushangilia kana kwamba mambo yamekwisha. Wapo wanaoitetea desturi hii wakisema kuwa mtoto hamfichi baba yake haja zake. Wapo pia wanaosema kuwa tumemfanya Mungu karani wa kupiga mihuri, na kwamba Mkristo anapaswa kutulia mpaka asikie sauti ndipo aondoke. Naomba tulijadili jambo hili kwa Maandiko. Msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili zimesahau jambo moja: lengo jema, lililoombewa, na hata lililothibitishwa na nabii, laweza kukataliwa na Mungu.

Mfano wangu mkuu ni Daudi katika 2 Samweli 7. Mfalme anakaa katika nyumba ya mierezi, anaona aibu kwamba sanduku la Mungu limo ndani ya mapazia, naye anakusudia kujenga hekalu. Sidhani kama kuna karatasi ya mkesha iliyowahi kubeba lengo safi kuliko hilo. Anamweleza nabii Nathani, na Nathani anamwambia aende akafanye yote yaliyomo moyoni mwake, kwa maana Bwana yu pamoja naye. Usiku uleule neno la Bwana linamjia Nathani, na asubuhi nabii analazimika kurudi kwa mfalme na jibu jingine: atakayejenga ni mwanawe. Ni kweli kwamba 1 Nyakati 22 inataja damu nyingi aliyoimwaga Daudi kuwa sababu ya kukataliwa, lakini katika 1 Wafalme 8 Sulemani anasimulia kuwa Bwana alimwambia baba yake kwamba alifanya vema kuwa na jambo hilo moyoni. Basi nia ilisifiwa na mpango ukakataliwa, na sijui kama mimbari zetu zina nafasi ya kuyasema hayo mawili kwa pamoja. Daudi naye hakususa. Alikusanya dhahabu, fedha, chuma na mierezi kwa ajili ya nyumba ambayo angeijenga mtu mwingine, baada ya yeye kufa.

Kwa ndugu wanaosema tusipange mpaka tusikie sauti, naomba wamtazame Paulo. Katika Warumi 15 anaandika waziwazi kwamba anakusudia kupitia Rumi akielekea Hispania, na katika Matendo 16 anajaribu kuingia Bithinia, Roho asimpe ruhusa, akashuka mpaka Troa, ambako aliona maono ya mtu wa Makedonia. Alizuiliwa akiwa njiani, viatu vikiwa na vumbi. Aliyeketi nyumbani akingoja ishara hana njia ambayo Mungu angeweza kuigeuza.

Ninachokiogopa zaidi ni maneno "Mungu amenionyesha". Kijana anamwambia binti wa kwaya kuwa Mungu amemwonyesha kwamba yeye ndiye mke wake, na binti wa watu anabaki bila la kusema, kwa sababu kukataa kumegeuzwa kuwa kumkataa Mungu. Hapo hamu ya mtu imevikwa vazi la mapenzi ya Mungu ili isihojiwe na yeyote. Kama Nathani, nabii aliyetambuliwa na taifa zima, alisema kwa haraka akalazimika kurudi asubuhi kujisahihisha, sisi tunapata wapi ujasiri huo?

Tena kuna mapenzi ya Mungu ambayo hayahitaji maono hata kidogo, kwa kuwa yamekwisha kuandikwa. Sote tunaipenda Yakobo 4, pale wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka mzima na kupata faida wanapoambiwa waseme "Bwana akipenda". Katika Kiswahili chetu "Mungu akipenda" yamekuwa maneno ya adabu, na mara nyingine ni njia ya upole ya kukataa mwaliko. Lakini endeleeni kusoma. Mistari michache tu mbele, mwanzoni mwa sura ya 5, waraka huohuo unasema kuwa ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwangu mimi mambo haya hayatenganishwi. Mtu anayeinua karatasi iliyoandikwa "kiwanja" ilhali dada anayemlelea watoto hajalipwa mshahara wa miezi mitatu hana haja ya kufunga siku 21 ili ajue mapenzi ya Mungu kuhusu fedha hizo. Mapenzi hayo yanafua nguo nyumbani kwake. Amlipe kwanza, kisha arudi tuzungumze habari za kiwanja.

Kwa hiyo siungi mkono kufuta karatasi za mkesha. Luka 14 inamtaja mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, na kuandika ni namna mojawapo ya kuhesabu. Swali langu ni kwa watumishi mnaoongoza ibada hizo, nami ningependa kusikia majibu yenu hapa: baada ya karatasi kuombewa, ni lini katika mwaka mnakaa na waumini wale ambao malengo yao hayakutimia, na mnawaambia nini zaidi ya kwamba imani yao ilipungua?