Ruta ya pfSense kwenye OptiPlex 780: faiba ya Mbps 500 haivuki 290

kebo_sita:
Wakuu, habari za jioni. Nina Dell OptiPlex 780, ile kubwa ya kusimama, Core 2 Duo E8400, RAM GB 4, inatumika kama ruta kwa pfSense (mfumo wa ruta na ulinzi wa mtandao). Kuna kadi mbili za gigabiti za PCI (nafasi za kadi za mtindo wa zamani) zenye chipu ya Realtek RTL8169. Moja ni WAN (upande wa intaneti) inayopokea faiba kwa PPPoE, ile njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nywila; nyingine ni LAN (mtandao wa ndani) inayokwenda kwenye swichi. Poti ya Intel iliyo kwenye bodi inabeba kamera nne za ulinzi.

Kifurushi ni Mbps 500. Laptop ikichomekwa moja kwa moja kwenye kifaa cha faiba inapata 490 na ushee. Nyuma ya ruta haivuki 290, iwe mchana au usiku wa manane. Kebo ni Cat6 na poti zote zinaonyesha 1000baseT full-duplex. Hakuna Suricata wala Squid, zile programu za ukaguzi na kashe zinazokula prosesa. Je, prosesa imechoka, au kuna cha kurekebisha kabla sijatafuta mashine nyingine? Natanguliza shukrani.

fundi_wa_ruta:
Mkuu, usiilaumu prosesa. E8400 ya GHz 3 inaziweza Mbps 500 za NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje). Kinachokubana ni PCI.

Piga hesabu. PCI ya kawaida ni biti 32 kwa MHz 33, yaani megabaiti 133 kwa sekunde, au Mbps 1,064 kwenye karatasi. Kiasi hicho kinagawanywa na kadi zote zilizo kwenye PCI, na data haiwezi kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, kama daraja la gari moja. Pakiti ikitoka kwenye faiba inapita PCI kuingia kwenye RAM, halafu inapita PCI hiyo hiyo kutoka RAM kwenda kadi ya LAN. Kila baiti inapita mara mbili, kwa hiyo hata kinadharia mwisho wako ni Mbps 532. Toa muda unaoliwa na kadi kupeana zamu, toa na pakiti za ACK (za kuthibitisha kupokea) zinazorudi, hiyo 290 ni ya kutarajiwa kabisa.

Kabla hujatoa hata senti, badilishana poti. LAN ihamie kwenye poti ya Intel ya bodi, ambayo haipiti PCI, na kamera zihamie kwenye Realtek. Kamera nne hata zikitoa Mbps 8 kila moja ni 32 tu, PCI haitazisikia. Nenda Interfaces > Assignments, LAN iwe em0 (ya Intel), kamera ziwe re1 (ya Realtek), hifadhi, ndipo uhamishe kebo. Fanya hivyo skrini na kibodi vikiwa vimechomekwa kwenye mashine, maana mpangilio ukikosewa unajifungia nje ya ukurasa wa usimamizi.

Mama_Swichi:
Naongezea kwenye kadi. Mashine hiyo ina nafasi ndogo ya PCIe x1 (PCIe ni mrithi wa PCI, kila nafasi ina njia yake; x ni idadi ya njia), na hapo ndipo WAN inapotakiwa kukaa. Tafuta Intel Gigabit CT, yenye chipu 82574L. PCIe ya kizazi cha kwanza, hata ikiwa x1, inabeba Mbps 2,000 kwenda na 2,000 kurudi kwa pamoja, kwa hiyo gigabiti moja inapumua. Ukipata ya poti mbili kama I350-T2, hiyo ni x4, iweke kwenye nafasi ndefu ya x16. Baadhi ya bodi za umri huo zikiona kadi hapo zinazima video ya ndani, basi washa SSH (kuingia kwenye mashine kutoka mbali) na uijaribu kabla.

I350 bandia ni nyingi sokoni. Iliyochomolewa kwenye seva ya Dell au HP ni ya kuaminika kuliko "mpya" ya bei ya kutupa. Na usirudi kwa Realtek eti kwa sababu hii ni ya PCIe: chini ya FreeBSD, mfumo uliobeba pfSense, draiva ya re ina sifa ya kuzubaa mzigo ukizidi, unakuta "re0: watchdog timeout" kwenye logi na mtandao umekatika.

Ukiwa System > Advanced > Networking, hakikisha TSO na LRO zimezimwa. LRO inaunganisha pakiti ndogo kuwa kubwa, TSO inaiachia kadi kukata kubwa kuwa ndogo, mambo yanayoifaa seva lakini ruta inatakiwa kupitisha pakiti kama zilivyo. Checksum offload (kuiachia kadi hesabu za kukagua makosa) izime ukiwa na Realtek, ukiwa na Intel iache.

kebo_sita:
Asanteni sana wakuu. Baada ya kubadilishana poti imepanda hadi 410. Sasa `top -aSH` inaonyesha kiini kimoja cha prosesa kiko juu ya 95%, kingine kiko karibu bure. Hiyo bado ni kadi au ni PPPoE?

fundi_wa_ruta:
Vitenganishe kwa kupima. Iondoe PPPoE kwa muda: WAN ipe anwani ya kudumu 10.9.9.1/24, laptop ya pili ipe 10.9.9.2, ichomeke kwenye poti ya WAN na uendeshe `iperf3 -s` (programu ya kupima kasi). Kwenye laptop ya LAN:

`iperf3 -c 10.9.9.2 -P 4 -t 30 -R`

Usiendeshe iperf3 ndani ya ruta yenyewe, maana hapo unapima ruta ikizalisha data, si ikiipitisha. Bado ukiona 410, kosa ni la kadi. Ikivuka 500, kosa ni la PPPoE.

Fremu za PPPoE zinaficha anwani za IP zilizo ndani, kadi inashindwa kuzigawa, zote zinaangukia foleni moja na kiini kimoja. Kwenye matoleo ya zamani weka `net.isr.dispatch` iwe `deferred` kupitia System Tunables, kazi inagawanywa baada ya pakiti kupokelewa. Toleo la CE 2.8 limekuja na moduli mpya ya if_pppoe inayofanya kazi ndani ya keneli (moyo wa mfumo), tiki yake iko kwenye ukurasa ule ule wa Networking. Iweke tiki, kisha anzisha mashine upya.

Angalia pia `netstat -i`. Ierrs (makosa ya kupokea) ikiongezeka kwenye re0 wakati wa kupima, usipoteze muda na mipangilio, nunua kadi.

nodi_ya_pwani:
Ukitaka VPN baadaye, E8400 haina AES-NI, yaani maelekezo ya prosesa ya kuharakisha usimbaji wa AES. OpenVPN ya AES itaibana vibaya, chagua WireGuard, inatumia usimbaji wa ChaCha20 usiohitaji maelekezo hayo ya prosesa. Tena pima umeme kwenye soketi: mashine inayokula wati 60 saa 24 inamaliza uniti 43 kwa mwezi, na hiyo ihesabu kabla ya kununua kadi ghali.