Tupeane uzoefu: kusafiri na mvinyo na kizibuo chake, kuanzia boti ya Mbudya mpaka meli za kitalii

Bi Mkubwa wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tisa mimi na mzee tumealikwa na shemeji yangu anayeishi Uingereza, twende naye safari ya meli ya kitalii, siku 7, inaanzia Barcelona. Nimeahidi kumpelekea mvinyo wa Dodoma, maana kila tukiongea ananibishia kwamba Tanzania hakuna zabibu. Aliyewahi kupita njia hii aniambie alifungashaje.

Nianze mimi, msije mkasema naomba bila kutoa.

Desemba iliyopita tulivuka kwenda Mbudya watu nane, sikukuu ya kuzaliwa ya mdogo wangu. Tulibeba kuku, ndizi, mkaa, ndimu, hadi chumvi niliifunga kwenye karatasi mbili. Na chupa nne za mvinyo mwekundu kwenye deli la barafu. Kizibuo kikabaki Tabata kwenye droo ya vijiko. Kule kisiwani kila mwanaume akawa fundi. Wa kwanza akaichomeka chupa ndani ya raba, akaanza kuigonga kwenye mbuyu kama alivyoona kwenye simu. Chupa ikakatika shingo, mvinyo wote ukanywewa na mchanga. Ya pili akaomba nahodha wa boti. Akachukua mpini wa mwiko, akakisukuma kizibo kikaingia ndani, na mvinyo ukamrukia kifuani akabaki kama kachinja. Tulikunywa, lakini tulikuwa tunatema vipande vya kizibo kama mtu anayekula tikiti.

Karibuni.

Makuli Mstaafu

Bi Mkubwa, hiyo ya raba inahitaji ukuta na soli nene, siyo mbuyu na raba ya kitambaa. Hata ikikubali, mkono wako uko karibu na kioo. Mpini wa mwiko ndiyo njia ya watu wazima, ila funika mdomo wa chupa na kitambaa kabla hujasukuma.

Kaka wa Temeke

Yangu ni ya Zanzibar. Harusi ya rafiki yangu, ukweni wanaishi Mjini Unguja. Nikaona niwe na chupa yangu moja ya kunywa hotelini kwa siri, nisimsumbue mtu. Nikaiviringisha ndani ya kanzu yangu mpya nyeupe, kwa akili kwamba kanzu ni laini itailinda. Begi nikalitupa kwenye mkokoteni pale gatini, na juu yake mpagazi akapanga masanduku ya watu sita.

Boti ni kama saa mbili tu. Nusu ya safari mama mmoja aliyekaa karibu na rundo la mizigo akaanza kunusa. Akanusa tena, akaniangalia. Sakafuni kulikuwa na kijito chekundu kinafuata mteremko wa boti, bahari ikipiga kulia kinaenda kulia, ikipiga kushoto kinarudi. Watu wanainua miguu. Mimi nikawa nimelala usingizi wa ghafla.

Nilipofika nikafungua begi: kanzu rangi ya zambarau kuanzia kifua hadi magoti. Nikanunua nyingine Darajani, fupi kidogo, ndiyo niliyovaa kwenye picha zote. Ukweni mpaka leo wanadhani mimi ni mtu wa suna sana.

Dada wa Mbezi

Kaka wa Temeke umeniua 😂😂 nipo nimekaa, endeleeni.

Baharia wa Zamani

Shikamoo wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nilifanya kazi kwenye meli za kitalii miaka kadhaa, upande wa mgahawa. Bi Mkubwa, nitakueleza taratibu kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoumia.

Kwanza elewa kwamba una safari mbili, na zinataka ufungashe kinyume. Ndege inataka chupa iende kwenye sanduku la chini, kwa sababu mkononi huruhusiwi kimiminika cha zaidi ya mililita 100. Meli inataka chupa iwe mkononi. Siku ya kupanda meli masanduku makubwa unawakabidhi wapagazi bandarini, yanapita kwenye mashine, na likionekana na chupa ndani linawekwa pembeni. Wewe unasubiri sanduku chumbani kwako mpaka usiku, kumbe liko chumba cha walinzi na unatakiwa ukalifungue mwenyewe mbele yao. Nimeona mabibi wamevaa nguo za safari kwenye chakula cha usiku wa kwanza kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo Barcelona, kabla ya kwenda bandarini, fungueni sanduku hotelini mhamishie chupa kwenye begi la mkononi.

Pili, idadi. Kila kampuni ina sheria yake. Royal Caribbean na Carnival wanaruhusu chupa moja ya mililita 750 kwa kila mtu mzima, siku ya kupanda tu. MSC hawaruhusu pombe yoyote ya kutoka nje. Norwegian wanakuruhusu kubeba mvinyo lakini unalipia ada kwa kila chupa. Na hizi sheria hubadilishwa, kwa hiyo soma zile karatasi za tiketi, zile ambazo hakuna anayezisoma. Ukinunua chupa kwenye bandari mnazotia nanga njiani, nyingi zinachukuliwa mlangoni, zinaandikwa namba ya chumba, unarudishiwa siku ya mwisho.

Tatu, kuna ada ya kufunguliwa. Ukiipeleka chupa yako mgahawani, mhudumu anakufungulia, anakuletea glasi, na kwenye bili inaingia ada. Kunywa chumbani kwenu kwa kawaida hakuna ada. Watu hukasirika sana wakiiona, lakini ndivyo meli inavyopata hela: tiketi ni bei nafuu, kinywaji ndiyo biashara.

Na msijaribu ujanja wa kutia pombe kwenye chupa za dawa ya kusukutua. Walinzi wameziona hizo kuliko walivyowaona wake zao.

Mpita Njia

Samahani, mtu mwenye nauli ya Ulaya na ya meli anashindwaje kununua mvinyo hukohuko? Hispania mvinyo ni kama maji.

Bi Mkubwa wa Tabata

Mpita Njia, ungejua shemeji anavyonibishia usingeuliza. Sibebi kinywaji, nabeba ushahidi.

Baharia, ahsante sana baba. Na kizibuo je?

Baharia wa Zamani

Kizibuo ndiyo kinanyang'anywa kuliko chupa. Kile wanachotumia wahudumu, cha kukunja, kina kisu kidogo pembeni cha kukatia ile karatasi ya shingoni. Wengi hawajui kama kipo. Ukikitia mkononi uwanja wa ndege, kisu hicho ndicho kinachokuponza. Nunua kile chenye mabawa mawili, unazungusha mabawa yanapanda juu, unayabana chini kizibo kinatoka. Hakina kisu. Hata hivyo kwenye ndege kitie sanduku la chini tu, usibishane na mtu wa usalama asubuhi, ukifika Barcelona kihamishe pamoja na chupa.

Ukisahau pia dunia haijaisha. Mwambie mhudumu wa chumba, atakuazima au atakupeleka baa wakufungulie. Mimi nilikuwa natembea na vitatu mfukoni.

Mgogo wa Ilala

Mmetaja Dodoma nimeamka. Zabibu kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwambie huyo shemeji, Ulaya wanavuna mara moja.

Sasa sikilizeni kosa langu. Siku hizi kwa treni ya umeme unatoka Dodoma asubuhi na mchana uko Dar, kwa hiyo nikashuka na chupa sita kwa ajili ya kipaimara cha binti. Stesheni nikapokelewa na gari, tukapitia Kariakoo kununua vyombo. Tuliacha gari juani kama saa nne, chupa ziko kwenye buti. Joto la Dar mnalijua. Tulipofika nyumbani, vizibo viwili vilikuwa vimepanda juu nusu inchi vimeinua karatasi, na chupa moja inatoa jasho jekundu. Mvinyo ukipata joto unatanuka, hauna pa kwenda, unasukuma kizibo. Tulipoonja, ulikuwa umepoteza ile ladha mbichi, umekuwa kama zabibu kavu zilizochemshwa. Wageni walisifia. Mimi sikusema kitu.

Kwa hiyo Bi Mkubwa, siku ya kwenda uwanja wa ndege chupa zitoke ndani ziingie kwenye gari muda huohuo. Usipitie popote.

Dada wa Mbezi

Nami nichangie. Chupa isikae pembeni ya sanduku, ikae katikati, na pande zote nguo. Mimi huivalisha soksi mbili za mume, halafu suruali ya jinzi, halafu mfuko usiopitisha maji. Mfuko ndiyo muhimu: ikipasuka, hasara iwe ya jinzi moja. Ila siyo mifuko ya plastiki ya kubebea vitu dukani, ilishapigwa marufuku Juni 2019. Ile midogo yenye zipu ya kuwekea sabuni na dawa ya meno haina shida, tafuta kubwa yake.

Na jambo lingine. Niliwahi kununua chupa kwenye duka la uwanja wa ndege baada ya ukaguzi, wakaifunga kwenye mfuko maalumu wenye lakiri. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege nikaufungua nimwonyeshe mwenzangu lebo. Ukaguzi wa pili wakaichukua, mfuko ukishafunguliwa ni kimiminika cha kawaida. Nilisimama pale naiangalia inatiwa kwenye pipa na maji ya watu.

Kaka wa Temeke

Jinzi, siyo kanzu. Nimeandika.

Bi Mkubwa wa Tabata

Basi hesabu yangu ni hii: tuko wawili, kwa hiyo chupa mbili za meli, na nyingine mbili za shemeji tuziache hotelini, tukirudi aende nazo kwake. Baharia, forodha ya Hispania itanipigia kelele? Na mzee anataka tuongeze dompo, ule mvinyo mwingine wa Dodoma.

Baharia wa Zamani

Ukitoka nje ya Umoja wa Ulaya, mtu mzima anaingia na lita 4 za mvinyo wa kawaida bila ushuru. Chupa nne ni lita 3, na mko wawili, mko ndani kabisa. Dompo angalia lebo. Kama umeongezwa spiriti, unahesabiwa kwenye fungu lake, lita 2 kwa mtu. Ila hiyo dompo msiipeleke melini, mezani mtu akishika glasi ya pili hatapanda ngazi.

Bi Mkubwa wa Tabata

Mzee amesoma hapo akacheka. Leo ametoka Kariakoo na kizibuo chenye mabawa, na amesema lazima akijaribu kabla ya safari, kisije kikawa kibovu. Zilikuwa nne, zimebaki tatu. Namtuma kesho.